Kiganja Kisichotiwa Hina

Wasichana wa studio wamenitaka niandike namna tulivyofanya kazi kabla yao. Nadhani walitaka kunipa shughuli, maana tangu nilipostaafu nimeshapita studio mara nyingi mno kuuliza kama betri zimechajiwa. Haya, naandika. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa vizuri nawaachia wanaozipenda. Mimi nitaandika habari za mwanga, na za Bi Mize aliyenifundisha kuusoma.

Kwa msomaji asiye wa huku kwetu Unguja, kazi yetu ni kupiga picha za harusi upande wa wanawake. Bibi harusi akishapambwa, nywele wazi na shingo wazi, pale haingii mwanamume, na picha zake hazishikwi na mwanamume asiyemhusu. Siku hizi simu za wageni hukusanywa mlangoni ndani ya kikapu, na wenye harusi huweka mwanamke mkali wa kukilinda. Zamani hapakuwa na kikapu. Palikuwa na Bi Mize, na wanawake wa mjini walimwamini kama wanavyomwamini kungwi.

Alikuwa akikaa Mkunazini, ghorofa ya juu kabisa, nyumba yenye ngazi za kummaliza mtu pumzi kabla hajapiga hodi. Mama alinipeleka kwake nilipomaliza shule.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Ushapata kushika kamera?"

"Nshapata. Ya mjomba."

"Hiyo ya mjomba ikifanya kila kitu yenyewe?"

"Naam. Unabonyeza tu."

"Basi hujapata kushika kamera."

Mama akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Siku hiyo ya kwanza hakunipa mkanda wa picha. Alinipandisha juu ya paa, alikokuwa ametundika vitu viwili kwenye kamba, buibui lake jeusi na shuka jeupe. Akanipa kamera tupu, ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia viungo. Ukiichungulia unaona sindano ndogo pembeni, na sindano ikisimama katikati ndiyo kamera inakwambia mwanga unatosha. Nikalielekea buibui, nikazungusha gurudumu mpaka sindano ikasimama katikati. Nikaligeukia shuka, nikazungusha tena. Nambari zikawa mbali kabisa, na jua ni lile lile.

"Jua limebadilika?" akaniuliza.

"Halijabadilika."

"Sasa kwa nini kamera inasema limebadilika?"

Nikalipima shuka tena. Akashuka kupika, akaniacha mimi na nguo zake juani. Nilikaa pale nikimlaumu mama, kisha nikamlaumu mjomba, kisha nikaanza kufikiri. Nilipoteremka nikamwambia, "Kamera inaona nguo, Bi Mize. Haioni jua." Alinipakulia wali na kunitilia paja la kuku. Ilinichukua miaka kujua kwamba hakuwa na sifa kubwa kuliko ile.

Hili ndilo somo la mwanzo, nanyi mnaoanza lishikeni kabla ya jingine lolote. Kamera hudhani kila kitu duniani kina rangi ya majivu. Ukiionesha kundi la wanawake wenye mabuibui meusi, inadhani pana giza, inafungua mwanga mwingi, na nyuso zinatoka nyeupe kama zimepakwa unga. Ukiionesha gauni jeupe la bibi harusi, inadhani jua ni kali, inabana, na bibi harusi wa watu anatoka na uso mweusi ti. Kwa hiyo usipime nguo. Bi Mize akipima kiganja chake mwenyewe. Alikiweka mbele ya lenzi, mahali penye mwanga ule ule unaompiga bibi harusi, akasoma sindano, kisha akafungua hatua moja zaidi, kwa kuwa kiganja ni cheupe kuliko majivu. Basi, hapo hagusi tena gurudumu mpaka mwanga wenyewe ubadilike.

"Kiganja hakivai nguo," akisema. "Na tazama, mweupe, mweusi, viganja vyetu vinakaribiana."

Kasi ya shata, yaani ule mlango wa kamera unaofunguka na kufunga, nilijifunzia kwenye feni ya dari. Nililala chini kwenye mkeka, nikaipiga picha ikizunguka, kwa kasi ndogo ikatoka ukungu, nikapandisha kidogo kidogo mpaka panga zake zikaonekana zimesimama. Alinifanyisha hivyo kwa sababu ngoma ya kidumbaki ikikolea, hakuna shangazi anayesubiri mpiga picha. Ukubwa wa tundu la lenzi ulinisumbua zaidi, kwa sababu nambari zake zinakwenda kinyume. Nambari ndogo, tundu kubwa. Bi Mize alikuwa anapima mchele aliponikuta nimeshika kichwa.

"Robo ya kibaba na sehemu ya kumi na sita ya kibaba, ipi itakushibisha?"

"Robo."

"Basi nne ni tundu kubwa kuliko kumi na sita. Nambari zile ni vipande. Nisaidie kupembua."

Sijakosea tena tangu siku ile. Lakini kujua nambari si kujua kazi. Katika harusi moja nilipanga mashangazi safu tatu, nikaacha tundu kubwa kwa kuogopa giza, safu ya mbele ikatoka safi na safu ya nyuma ikatoka ukungu. Mmoja wa safu ya nyuma alinikatia salamu kwa muda mrefu. Watu wakiwa wengi, bana tundu, na kama mwanga hautoshi wahamishe mashangazi kwenye mwanga, hata kama wanalalamika. Watalalamika kwa vyovyote.

Choo cha Bi Mize ndicho kilikuwa chumba cha giza. Alibandika kitambaa kizito dirishani, akawasha taa nyekundu, na humo ndimo tulimosafisha picha, sisi wawili, jasho likitutoka. Tulizianika kwa vibanio kwenye kamba, mabibi harusi wamejipanga wakidondosha maji. Zilikuwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Picha za rangi zilikuwa zimeshaingia mjini siku nyingi, na kila mtu alizitaka, lakini kuzisafisha kulihitaji mashine, na mashine zilikuwa dukani, na dukani walikuwa wanaume. Bi Mize alikwishawaahidi wanawake kwamba picha zao hazitapita mkononi mwa mwanamume. Akapoteza wateja wengi kwa ajili hiyo. Wale waliotaka rangi walikwenda kwa wengine, naye hakuwasema vibaya. Alibaki na weusi na weupe wake, na aliutoa mzuri kiasi kwamba unaweza kuhesabu nyuzi za kikuba kifuani mwa bibi harusi, jasmini na rihani vikionekana mbalimbali. Sijamwona mwengine aliyeweza.

Jambo moja tu lilimkaa moyoni. Ukutani kwake palikuwa na picha ya harusi ya bintiye, Zuwena, aliyoipiga mwenyewe kabla mimi sijafika. Zuwena amenyanyua mikono yote miwili karibu na uso. Ni picha ya kusimamisha mtu njiani. Siku moja Zuwena alikuja na mtoto wake mchanga, Nasra, akasimama mbele ya picha ile, akasema kwa utani, "Mama, hina yangu ilikuwa nyekundu kama damu ya samaki. Hapa inaonekana nimetoka kusugua sufuria. Masizi matupu." Bi Mize alicheka naye. Zuwena alipoondoka, alikaa kitako akimtazama bintiye wa ukutani, kisha akaniambia, "Huyu Nasra nikijaaliwa kuiona harusi yake, hina yake itakuwa nyekundu. Na nitaipiga mie."

Nilidhani ni maneno ya bibi na mjukuu. Hayakuwa hivyo.

Habari ya hina nimeileta makusudi. Bi Mize hakuwahi kutia hina viganjani. Miguuni alitia, ncha za vidole alitia, lakini viganja vyake vilikuwa vitupu, mwanamke mwenye mume, na mume mwenyewe mwema. Mjini watu hawakosi la kusema. Wako waliosema anajiona, wengine wakasema hampendi mumewe. Mimi mwenyewe sikujua sababu mpaka nilipoolewa. Baada ya fungate nilirudi kazini na mikono imekolea maua mpaka viwiko, najiona malkia. Bi Mize alinishika mkono, akaugeuza, akatazama kiganja.

"Maashallah, Rukia, imekolea. Leo utabeba mkoba."

"Kwa nini, Bi Mize?"

"Hebu pima."

Nikaweka kiganja mbele ya lenzi. Sindano ikaniambia pana giza chumbani, na dirisha liko wazi. Hina ilikuwa imeifanya kamera ione kiganja cheusi, na ningeifuata, picha zote zingeungua kwa mwanga. Nikamwambia basi si nipunguze kidogo, nifidie ile hina.

"Utapunguza kiasi gani? Hina ya leo si ya jana. Inageuka kila siku, na ya kila mtu na yake. Kipimo kinachogeuka si kipimo."

Nilibeba mkoba mpaka maua yalipofifia. Usiku huo nilimweleza mume wangu, naye, Mungu amrehemu, alifikiri kidogo kisha akasema basi tia miguuni. Toka hapo viganja vyangu vilikuwa vya kazi. Kila nilipokwenda harusini kama mgeni na mpaka hina, yule fundi wa kuchora, akaninyooshea mkono, nilimpa ncha za vidole. Ilikuwa inaniuma, sitasema uongo. Lakini nilikuwa nikimtazama Bi Mize, ambaye alikuwa ameacha muda mrefu kuliko mimi na hakuwahi kulitaja, na nikaona haya kulalamika.

Miaka ikaenda. Kamera za dijitali zikaingia, na mimi ndiye niliyemletea ya kwanza, kutoka kwa binamu yangu wa Maskati. Bi Mize alikuwa mzee sasa, macho yake yanataka miwani, na wengi wa rika lake walikwishaweka kamera kabatini. Niliieleza kamera ile, kwamba haina mkanda, haina dawa, picha za rangi zinatoka kwenye kiprinta nyumbani, hapana duka, hapana mwanamume. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa leso.

"Kwa hivyo hina itakuwa nyekundu."

"Itakuwa nyekundu, Bi Mize."

"Nifundishe."

Nimefundisha wengi baadaye, pamoja na nyinyi, na sijapata mwanafunzi kama yule. Menyu ilikuwa ya Kiingereza, naye Kiingereza hakujisumbua nacho. Alikariri mahali kila kitu kilipo, chini mara mbili, kulia mara moja, kama mtu anayejua vyombo vyake jikoni gizani. Tundu na shata alivijua. ISO nilimweleza kuwa ni njaa ya kamera. Ukiipandisha inakula hata mwanga mdogo, lakini ikila kwa pupa picha inatoka na punje punje. "Basi tuiache na adabu," akasema, akairudisha chini. Nami nikaona huyu ameshaelewa.

Kilichomtaabisha ni rangi. Maisha yake yote alijua mwanga mwingi na mwanga kidogo. Hakuwahi kulazimika kujua kwamba mwanga una rangi. Picha zake za mwanzo chini ya taa za tyubu zilitoka kijani, na za karibu na balbu zikatoka manjano ya bizari, na alikasirika kama nilivyokasirika mimi juu ya paa. Akatafuta njia yake mwenyewe. Alibeba kikombe cheupe cha kahawa mkobani, akakiweka chini ya taa ya kila chumba, akaiambia kamera hiki ndicho cheupe chako, halafu ndipo akapiga. Wanawake wakidhani anataka kahawa, wakimjazia. Alikunywa, akakipangusa, akaendelea. Mwanamke wa umri ule kurudi chini kabisa, kuuliza, kukosea mbele yangu niliyekuwa mwanafunzi wake, na kuuliza tena; nilimstahi tangu mwanzo, lakini hapo ndipo nilipompenda.

Nasra akachumbiwa. Harusi ikapangwa Chukwani, nyumbani kwa wazazi wake, nyumba yenye ukumbi mpana na madirisha yanayotazama baharini. Siku ya hina, mchana, tulikuwa tumekaa mkekani, bibi harusi ameegemea mito, mpaka hina anamaliza kumchora. Bi Mize alikuwa ameshapanga kila kitu, dirisha gani lifunguliwe kesho, pazia gani liondolewe. Nasra akamwita.

"Bibi."

"Naam."

"Nnataka utiwe hina na wewe. Viganja vyote viwili. Tukae pamoja."

"Kesho nna kazi, mwanangu."

"Wewe kila harusi una kazi. Kwenye picha za harusi ya mama haumo. Kwenye picha za mtu yeyote haumo. Mie nnataka bibi aliyetiwa hina kama bibi za wenzangu."

Zuwena alimtazama mama yake, kisha akainama. Mimi nilijua kinachopimwa pale. Mwanamke huyu alikuwa ameshindana na menyu ya Kiingereza na taa za kijani kwa ajili ya kesho, na sasa mtu yule yule aliyemfanyia yote anamwomba mkono wake. Nilitaka kusema mimi nitapiga, wewe kaa na mjukuu wako. Nilijizuia, kwa kuwa nilijua ahadi yake ilikuwa ni kuipiga yeye.

Bi Mize alimnyooshea mpaka hina mikono. "Usinijazie maua ya kitoto," akasema. Nasra akalia, akafutwa macho haraka kwa kuwa mikono yake ilikuwa haijakauka.

Kesho yake alasiri bibi harusi alitolewa ukumbini, dhahabu, gauni la krimu, kikuba kifuani. Jua la dirishani lilikuwa zuri mno. Bi Mize alisogea mbele, kamera shingoni, na kwa mazoea ya umri mzima akainua kiganja chake mbele ya lenzi, akapima, akafungua hatua moja, akapiga picha tatu nne. Kisha akageukia kivulini kutazama picha kwenye kioo cha kamera. Nilikuwa nyuma yake, nikaona. Gauni lilikuwa limeungua lote, dhahabu imekuwa doa jeupe, na mikono ya Nasra, ile mikono, ilikuwa na hina ya waridi iliyopauka kama nguo iliyoachwa juani.

Akaigeuza mikono yake, akaitazama. Sikuwahi kumwona akikosea mwanga hata mara moja. Alifumba macho kidogo. Nilidhani atanipa kamera.

"Rukia," akasema, bila kugeuka. "Nipe kiganja chako."

Nikapita mbele, nikasimama kando ya Nasra kwenye mwanga wa dirisha, nikakiinua. Bi Mize akakipima. Akafungua hatua moja. Nilibaki pale pembeni alasiri nzima, nikisogea naye dirisha kwa dirisha, mkono wangu ukipanda na kushuka kila mwanga ulipobadilika, wageni wakidhani mpiga picha ana msaidizi aliyepagawa. Sijapata kazi niliyoifanya kwa fahari zaidi.

Jioni aliichapisha moja kwenye kiprinta, chumbani, mlango umefungwa. Nasra amenyanyua mikono karibu na uso, kama mama yake ukutani. Zuwena aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama muda mrefu.

"Nyekundu, mama," akasema.

Picha nyengine niliipiga mimi, ya Bi Mize na mjukuu wake, viganja vinne pamoja. Nasra ameiweka sebuleni kwake mpaka leo. Bi Mize ameshatutangulia, na mikono yake imo kwenye picha.

Nilipostaafu niliwaambia wasichana kwamba sasa watie hina watakavyo. Kamera zao zinawaonesha picha kabla hawajaipiga, hawana haja ya kupima ngozi. Wakaniambia ahsante, Bi Rukia, wakacheka. Halafu walinifanyia shughuli ya kuniaga, wakaniletea mpaka hina, na kwa mara ya kwanza tangu fungate nilimpa viganja vyote viwili. Vilikolea vizuri. Nilikuwa nikivinusa kila baada ya muda kama mwari.

Walitaka kunipiga picha juu ya paa la studio, juani. Akapewa kazi hiyo Shadya, mdogo wao, aliyeolewa karibuni tu. Nikajiweka sawa. Jua lilikuwa kali, kwenye kioo cha kamera hakuonekani kitu. Shadya hakukitazama. Akanisogelea, akainua mkono wake mbele ya lenzi, na nikaona vidole vimetiwa hina nzuri ya harusi mpaka kwenye ncha, na kiganja ni kitupu.

"Mumeo hakusema kitu?" nikamwuliza.

"Alisema nitie miguuni, Bi Rukia. Tazama huku, usilie."

Nikatazama huku.